Nta Kwenye Boksi la Harusi

Hadija mwanangu,

Salamu sikupi, maana tumeamkiana asubuhi na chai tumekunywa pamoja. Nakuandikia hapa kibandani, daftari liko juu ya dumu la asali, na wewe uko kwa Mama Rehema unasukwa. Naijua mikono ya Mama Rehema na naujua mdomo wake, kwa hiyo nina nafasi mpaka alasiri. Kesho asubuhi utapanda basi la Manyoni, na barua hii utaikuta kwenye begi, chini ya kitenge cha bluu. Ningekupa mkononi ungenitazama usoni, na mimi nikitazamwa na wewe huwa nadanganya, na humu nakuahidi ukweli.

Mambo ya kufua, kuamka mapema, kuamkia wakubwa na kutokula ovyo majumbani mwa watu umeyasikia wiki nzima, mpaka jana ukaniambia nimekuwa redio. Sawa, redio imezimwa. Nina jambo moja tu, na linamhusu huyo unayekwenda kukaa kwake.

Fundi Njiku unamkumbuka kama jirani yetu wa zamani, yule aliyekupa ile randa ndogo siku anahama. Unajua pia, kwa sababu Mkiwa nzima inajua, kwamba aliondoka hapa kwa aibu baada ya boksi la besi alilomtengenezea baba yako kuharibika siku ya harusi. Watoto walimwita Fundi Nta. Hata wewe uliwahi kuliimba jina hilo ukiwa na miaka kumi na moja, nikakuchapa kwa mwiko, ukalia ukiuliza kosa lako ni nini. Hukuwa na kosa. Boksi lile nililiharibu mimi.

Nianze na baba yako, kwa sababu hasira yangu inaanzia kwake na mpaka leo haijahama.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Tuliokuwa tukipanga foleni ya sukari tukaanza kuona sabuni za kila rangi, mitumba, na redio za kaseti kutoka Dubai. Baba yako akapata lile gari, Korola ya mitumba, na nasema akapata kwa sababu ndivyo alivyozoea kusema yeye. Gari lilinunuliwa kwa mbuzi wake na kwa asali yangu. Kila dumu nililoletewa kutoka Itigi nilikaa nalo njia panda hii hii juani, nikiwauzia abiria madirishani, ili siku moja na mimi nikae kiti cha mbele. Nilikaa kiti hicho mara tatu, na ya tatu ilikuwa kupelekwa hospitali.

Siku moja akarudi kutoka Dar amepakata spika ya inchi kumi na mbili kama mtoto mchanga. Siku hizi vijana wanaita sabufa. Sisi tulisema besi tu. Aliniambia huko magari yana boksi la besi nyuma, muziki unaupokea kifuani kabla haujafika masikioni. Akasema naye anataka la kwake, ili watu wa harusi wawe wanalikodi gari. Nikamwambia ni wazo zuri. Unaona mama yako alivyokuwa.

Kazi ikaenda kwa Fundi Njiku. Banda lake na kibanda changu vilitenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo randa yake niliisikia kutwa nzima. Baba yako alimletea mbao za mninga. Fundi alimwambia plaiwudi nene ingefaa zaidi, mninga ni mzito na ukikauka unajivuta, lakini baba yako alitaka kitu cha kuonekana. Fundi akazipokea mbao. Siku ya tatu nikachungulia, nikamuuliza kwa utani hilo jeneza ni la nani. Kutaniana ilikuwa kawaida yetu. Yeye alikuwa akisema sisi Wanyiramba wa Kinyangiri tunakula asali pamoja na masega, ndiyo maana hatuishi kutafuna. Siku hiyo hakucheka. Alitoa penseli sikioni akaiweka juu ya meza.

"Mama Hadija, wewe nyumbani kwako huambiwi kitu?"

Nikamwambia aseme.

"Boksi hili ni la harusi yake mwenyewe. Mwezi wa kumi, na binti wa Singida mjini. Nilidhani unajua. Tangu juzi nimegundua hujui, na usingizi sipati." Akaweka mkono juu ya zile mbao. "Ukisema nisilifanye, namrudishia mbao zake leo hii."

Soma hapo mara mbili, Hadija. Mkiwa yote ilikuwa inajua. Mama Rehema anayekusuka sasa hivi alikuwa anajua, na alikuwa ameshashona nguo. Muuza chai alijua. Shangazi zako, wale niliowapikia msiba wa babu yako siku saba, walijua. Mtu mmoja tu alinionea huruma kiasi cha kunieleza ukweli, na mtu huyo alikuwa tayari kuikosa kazi kwa ajili yangu. Mimi nikafanya nini? Nikamwambia, "Lifanye, Fundi. Tena lifanye vizuri."

Alidhani nina moyo mkubwa. Aliniambia hivyo.

Nilirudi kwenye madumu yangu, na kwa siku mbili sikufanya kitu ila kutamani mabaya. Nilitamani gari lipinduke, halafu nikakumbuka wewe unampenda baba yako, nikatamani lizame tu kwenye matope. Nilitamani yule binti atokwe na vipele. Ni mambo ya kitoto, lakini ukishadharauliwa hivyo unajikuta mtoto. Kisha Fundi akaanza kuunga boksi, na ndipo nikapata la kufanya.

Nakueleza kazi yenyewe, kwa sababu utaifanya na wewe, na nataka ujue kwamba yeye aliifanya sawasawa. Alikata mbao kwa vipimo vya buti la gari, uso wa mbele akaulaza kidogo ufuate mgongo wa kiti. Tundu la spika alilichora kwa msumari na uzi, akalitoboa polepole kwa patasi siku nzima. Pembe aliziunga kwa meno ya mbao yanayoshikana, akatia gundi na skrubu, na ndani akaweka vipande vya kukaza ili ubao usitetemeke. Alinieleza boksi la besi halitaki lipumue hata kidogo pasipotakiwa. Hewa ikipata upenyo, mlio unaharibika. Akasema pia ndani linahitaji kitu laini, sufi au pamba. Nikaenda nyumbani, nikaupasua mto anaolalia baba yako, nikamletea sufi yote. Usiku ule baba yako akauliza mto wake uko wapi. Nikamwambia umeliwa na panya.

Fundi hakuwa na namna ya kujua hewa inapenya wapi. Nikamwambia mimi ninayo. Babu yako wa Kinyangiri alikuwa akijaza moshi kwenye mzinga mpya, anaziba mdomo, kisha anaangalia moshi unatokea wapi. Tukachoma samadi kavu, tukapuliza moshi kwenye boksi, tukafunika tundu kwa gunia lililoloana. Kweli, mninga ulikuwa umeanza kujivuta kwa ule upepo wetu mkavu. Moshi ukatoka kwenye pembe nne, uzi mwembamba mwembamba, na Fundi akawa anaweka alama ya chaki huku anacheka kwa furaha. Aliniambia nimezaliwa fundi, nimekosea tu kuzaliwa mwanamke. Siku hiyo nilifurahi naye kwa kweli. Hilo nalo nalikumbuka.

Akachukua gundi na unga wa mbao, akaanza kukoroga ili azibe. Ndiyo njia yenyewe, na ndiyo atakayokufundisha. Mimi nikamshika mkono.

Nikamwambia gundi itakauka na kupasuka kabla ya mvua. Nikamwambia nta haipasuki, inafuata mti unavyojivuta, na babu yako alikuwa na mizinga iliyozibwa kwa nta toka hajaoa. Yote niliyosema ni kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba mizinga inakaa kivulini juu ya miti. Na kwamba mwaka mmoja kabla nilimpa dereva wa lori bonge la nta alipeleke mjini, akaliweka mbele ya kioo, na alipofika lilikuwa limemwagika kwenye karatasi zake zote. Dereva alinitukana, nikacheka, nikamtuliza kwa asali chupa moja. Nilijua nta inafanya nini ndani ya gari, Hadija. Nilijua pia boksi lile litakaa kwenye buti lililofungwa, mwezi wa kumi, na amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, inayochemka imefungwa juu yake, maana baba yako alitaka taa zake zionekane buti likifunguliwa.

Fundi alisita. Aliniuliza mara moja tu, "Una hakika, Mama Hadija?"

Nikamjibu nina hakika. Na sikumwachia aifanye. Niliiyeyusha mwenyewe kwenye sufuria ya uji, nikaipaka kwa kidole changu, pembe zote nne. Niliipaka nene.

Yeye akalifunika boksi kwa kapeti jekundu, yeye na baba yako wakalifunga ndani ya gari kwa boliti, wakapitisha waya kutoka kwenye betri chini ya zulia, na fyuzi yake. Walilijaribu asubuhi na mapema, kukiwa bado na baridi. Chupa zangu za asali zilitembea juu ya meza. Watu wakatoka majumbani, kuku wakakimbilia mashambani, na Fundi alisimama pembeni amekunja mikono, anatazama chini kama bwana harusi. Baba yako akampiga begani akasema hakuna fundi kama huyu mpaka Manyoni. Mimi nikapiga makofi na wenzangu.

Siku ya harusi sikujificha. Nilivaa kanga mpya, nikapaka mafuta, nikafungua kibanda kama kawaida. Msafara ulikwenda Singida asubuhi. Nilijua gari litasimama nje kwa wakwe mpaka ndoa ifungwe, chakula kiliwe, na wazee wamalize kuongea, na kwamba wazee wa kule wanaongea. Jua la siku ile nililiangalia kama mtu anavyoangalia maharage jikoni. Kila lilipozidi kuwaka, nilizidi kutulia.

Walifika njia panda alasiri, na watu wote walikuwa barabarani wanangoja kumwona bibi harusi. Baba yako aliamua kusimama hapa hapa, mbele ya kibanda changu, Hadija, hatua kumi kutoka nilipokaa. Alishuka, akafungua buti watu waone zile taa, akaingiza kaseti ya dansi na kuongeza sauti mpaka mwisho. Kidogo muziki ulikwenda vizuri. Kisha boksi likajamba.

Sina neno lingine. Lilijamba kwa mapigo, kwa kila pigo la besi, huku bibi harusi amekaa mbele na shela yake. Watoto ndio walioanza kucheka. Halafu wakubwa. Baba yako akapunguza sauti, likajamba taratibu. Akaongeza, likakoroma, likanyamaza kabisa, na kutoka ndani ya buti ikaja harufu ya nta na asali iliyopata moto, ikajaa njia panda nzima. Mimi sikucheka kwa mdomo. Nilikaa na chupa zangu, mikono mapajani, na nakuambia ukweli kwa sababu nimekuahidi ukweli: sijawahi kujisikia vizuri hivyo, si siku niliyoolewa wala siku uliyozaliwa. Nisamehe kwa hiyo ya pili.

Utamu ule ulidumu mpaka Fundi Njiku alipotoka bandani.

Alikuja mbio, akainama ndani ya buti, akapitisha kidole kwenye pembe ya boksi. Kidole kikatoka kimejaa nta laini. Akakinusa. Kisha akainua kichwa, akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Baba yako alikuwa ameshamfikia na kumkunja shati, anamuuliza mbele ya wakwe amemfanyia nini. Nilikuwa na nafasi pale, mwanangu. Ningesimama na kusema, ni mimi, na wewe unajua kwa nini. Ningekuwa nimelipiza kisasi changu chote, na fundi angeenda zake nyumbani na shati lake. Nilifungua hata mdomo.

"Kosa ni la fundi," Njiku akasema. "Kazi imetoka mikononi mwangu."

Nikafunga mdomo.

Baba yako alilitoa boksi kwenye gari kwa mikono yake, akalipeleka mpaka bandani, akalivunja kwa shoka la Fundi mwenyewe. Sufi ya mto wake ilitawanyika imeshikana na nta, na hata hakuitambua. Alisema mtu huyu hajui kitu ila majeneza, maana maiti halalamiki. Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka aliyekuwa mnyonge. Mwezi uliofuata mwanamke mmoja alikwenda kuchukua kitanda alichokiagiza, akakikataa, eti kitayeyuka. Mwingine akafuata. Mtoto wa Fundi akawa anarudi shuleni analia. Kabla ya mavuno alifunga vifaa vyake kwenye sanduku, akalipandisha kwenye lori, akaja kuniaga. Wewe alikupa randa. Mimi alinipa mkono, akaniambia nikae salama.

Manyoni ni hapo tu, na kwa miaka sita sijafika. Nimepata safari za kwenda kuuza asali stesheni, nikawapa wengine. Talaka yangu niliidai mwenyewe na nikaipata. Kwa baba yako sikuogopa kitu. Mtu niliyemwogopa ni yule aliyenitendea mema.

Sikuombi umchukie baba yako. Endelea kumwamkia, yeye ni baba yako, na mimi namchukia vya kutosha sisi wawili. Sikwambii pia kwamba hasira ni mbaya. Hasira yangu ilikuwa na haki zote. Ila nilipotafuta kitu cha kumpigia, nilichukua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu alikuwa rafiki yangu. Baba yako alichekwa siku moja, jioni akala pilau, akalala na mke mpya. Aliyelipa ni mwingine. Siku ukikasirika kama nilivyokasirika mimi, na utakasirika, tazama kwanza umeshika nini mkononi.

Uliposema unataka useremala nilidhani Mungu ananicheka. Nikakutajia mafundi wa mjini, wa Ikungi, hata wa Itigi. Ukang'ang'ana na Fundi Njiku, kwa sababu ya randa. Nikaandika kuomba nikitumaini atakataa. Jibu lake lilikuja na kondakta wa basi, kipande cha karatasi chenye alama za penseli ya useremala. Lilikuwa na mistari miwili: "Mtoto wa jirani yangu ni mwanangu, aje. Mwambie asibebe kitu, gundi ninayo."

Nimeisoma karatasi hiyo mpaka imechanika kwenye kunjo. Amejua siku zote, Hadija. Alijua pale pale kwenye buti, kidole kikiwa puani. Aliitwa Fundi Nta miaka sita, na bado anakupokea.

Kwa hiyo ukifika, mwamkie, weka begi chini, na kabla hujala chakula chake mpe barua hii aisome yote, hata pale ninapojisifu. Akikurudisha, rudi bila kinyongo. Akikuweka, kaa, ujifunze kukoroga gundi na unga wa mbao, na siku utakayoijua kazi vizuri utengeneze boksi moja la mninga, ulizibe mwenyewe.

Mimi nina kazi yangu. Kesho basi lako likishapita kona, nitavuka barabara niende dukani kwa baba yako. Nitakwenda saa ile yeye na mke wake wanapokunywa chai barazani na wale waliocheka wamekaa hapo hapo kwenye benchi, Mama Rehema akiwemo. Nitasema mbele yao wote nta ilikuwa ya nani, kidole kilikuwa cha nani, na sufi ilitoka kwenye mto wa nani. Nafanya hivyo ili jina la Njiku lirudi mahali pake hapa Mkiwa, na nilipaswa kufanya hivyo miaka sita iliyopita.

Lakini nimekuahidi ukweli. Ile kanga niliyoivaa siku ya harusi nimeifua leo asubuhi, uliiona kwenye kamba ukauliza ni ya nini. Nitaivaa kesho. Nataka kuiona sura yake.

Mama yako,
Mama Hadija, njia panda ya Mkiwa